Agiza kwa Meza, Si kwa Kichwa

Ukitaka kujua mapema kama kundi litakula vizuri kwenye mgahawa wa Kichina, angalia menyu zinavyogawiwa. Watu wanane wakikaa, kila mmoja akafungua menyu yake na kuagiza cha kwake, mwisho wake unajulikana: sahani tano za wali wa kukaanga na kuku, mbili za tambi, na moja ya nyama ya ng'ombe ambayo mwenyewe hataki iguswe. Cha huyu kinakuja mapema, cha yule kinachelewa, watoto wanamaliza wakati bibi bado anasubiri. Bili ikifika ni ya karamu, ilhali watu wamekula chakula cha mchana cha siku yoyote.

Mpishi hana kosa. Jiko la Kichina limepangwa kulisha meza. Moto ni mkali, karai moja linatoa kitoweo kimoja kwa dakika chache, kinapelekwa kikiwa bado kinafuka mvuke, karai linaoshwa, kinaanza kingine. Ndiyo maana vyakula havifiki kwa pamoja, na wenyewe hawaoni ajabu, kwa sababu kila kinachofika ni cha wote. Tena vitoweo hivyo vimetungwa viliwe na wali mweupe usiotiwa chumvi. Ukila sahani nzima ya kuku wa kung pao peke yako utatoka unalalamika kwamba Wachina wanazidisha chumvi. Ukila vipande vitatu juu ya wali, kisha mboga, kisha supu, hutasikia chumvi hiyo.

Kwa hiyo menyu ikae kwa mtu mmoja, wakizidi sana wawili. Sisi tuliolelewa kwenye sinia hatuhitaji kufundishwa kula pamoja, ila tofauti moja ipo. Kwenye sinia kila mtu ana upande wake na adabu inamkataza kuvuka. Kwenye meza ya duara yenye kioo kinachozunguka, upande wako ni popote kitoweo kilipokukuta.

Anayefaa kuagiza si lazima awe mkubwa wa ukoo wala mwenye kulipa. Ni yule asiyeona haya kuuliza. Kabla menyu haijafunguliwa, azunguke meza nzima kwa maneno: nani hali nguruwe, nani hataki hata tone la pombe kwenye chakula, nani anadhurika na karanga au kamba au ufuta, nani hawezi pilipili. Shemeji akisema "mimi nakula chochote" usimwamini mara moja, muulize tena kwa kutaja: miguu ya kuku je? Ngisi? Tofu? Mambo haya yakishasemwa mjadala ufungwe, maana hakuna kinachochosha kama watu kumi kujadili menyu yenye vyakula mia mbili.

Hesabu yake ni nyepesi. Idadi ya vitoweo ikaribie idadi ya watu, pamoja na supu na wali. Wanne wanatosheka na vitoweo vitatu au vinne. Wanane, saba. Mkizidi kumi usiongeze aina, rudia sahani mbili za kile ambacho watoto na wazee wote wanakipenda. Muhimu kuliko idadi ni tofauti baina ya vitoweo. Wageni wengi huagiza kuku mara tatu kwa majina matatu, na vyote vinakuja vimekaangwa kwenye mafuta mengi na kumwagiwa mchuzi mzito mtamu. Vikiwa viwili vya kukaanga, cha tatu kiwe cha mvuke. Kikiwapo kikali, kiwepo na kisicho na kitu zaidi ya kitunguu saumu. Nyama zisizidi nusu ya meza.

Tuseme meza ina bibi, mama mkwe, watu wazima wanne na watoto wawili, na hakuna anayekula nguruwe. Mimi ningeanza na matango baridi yaliyopondwa na kutiwa siki na kitunguu saumu, kwa sababu yanafika haraka na yanatuliza watoto. Kisha samaki mzima wa mvuke kwa tangawizi na majani ya kitunguu, nyama ya kondoo kwa bizari ya pilau kama jiko ni la kaskazini, kuku mmoja mwenye pilipili kwa ajili ya wanaotaka jasho, nyanya kwa mayai, tofu laini, na mboga za majani sahani mbili. Nyanya kwa mayai ni chakula cha kila nyumba China na hakuna mtoto wa Kiswahili atakayekiona kigeni. Supu ya mahindi na kuku inamtosha bibi asiyetaka kutafuna. Wali mweupe kwa kila mtu.

Hapo kwenye wali pana mtego. China bara, hasa kwenye mlo wa heshima, wali huja mwisho, kwa dhana kwamba mwenyeji hawezi kumshibisha mgeni kwa nafaka. Kwetu mtu akila vitoweo bila wali anahisi bado hajala. Basi mwambie mhudumu tangu mwanzo kwamba wali uje pamoja na chakula, na mkumbushe. Wali wa kukaanga nao uachwe. Ni mlo wa mtu aliye peke yake na haraka zake. Ukiuweka katikati ya vitoweo saba umeweka chumvi juu ya chumvi.

Lingine la kujua kabla ya kuagiza ni jiko hilo ni la wapi. "Mchina" ni neno pana mno. Wakantoni wa Guangdong na Hong Kong hupenda mvuke, samaki, bata wa kuchoma na supu za kuchemka saa nyingi, na pilipili kwao ni kidogo. Sichuan ni pilipili pamoja na ile punje inayotia ganzi midomoni, ambayo mtu asiyeijua hudhani amepatwa na mzio. Hunan wana pilipili kali isiyo na ganzi. Kaskazini ni nchi ya ngano: tambi, mikate ya mvuke, vifuko vya unga viitwavyo jiaozi, kondoo. Muulize mhudumu mpishi ametoka mkoa gani, kisha agiza vya mkoa huo. Jiko la Sichuan likipewa kazi ya bata wa kuchoma litakupa bata, lakini si kwa moyo mmoja.

Huku kwetu Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa lipo jiko jingine lenye jina lilelile. Vyakula vingi tulivyovijua utotoni kama vya Kichina, kuku wa Manchurian na kuku wa pilipili mwenye mchuzi mwekundu, vimepitia India. Manchurian inahusishwa na mpishi Nelson Wang, Mhindi wa asili ya Kichina, aliyeitunga Mumbai miaka ya 1970. Ni chakula kizuri, mimi nakipenda, ila usikitafute Guangzhou. Kwa upande mwingine, migahawa ya Masaki au Kilimani inayohudumia Wachina wenyewe mara nyingi ina menyu mbili: fupi ya wageni na ndefu yenye picha ya Wachina. Omba ile ndefu. Au tazama meza ya jirani, chagua kinachokuvutia, umwonyeshe mhudumu kwa heshima. Hakuna atakayechukia.

Sasa suala la nguruwe, ambalo kwa wasomaji wengi wa gazeti hili ndilo linaloamua kama safari ipo au haipo. Kukataa kitimoto kwenye sahani ya nyama ni rahisi. Kazi iko kwenye mboga. Maharage ya kijani yaliyokaangwa makavu mara nyingi hutiwa nyama ya kusaga ya nguruwe. Biringanya ya mtindo wa Sichuan, inayoitwa ya harufu ya samaki ingawa haina samaki, nayo vilevile. Mapo tofu, ile tofu ya pilipili, kiasili ni ya nyama ya ng'ombe, lakini majiko mengi hutumia nguruwe. Siu mai, vifuko vidogo vya mvuke, ni nguruwe na kamba. Wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi kwa kawaida una soseji ya nguruwe ndani, na keki ndogo za mayai za Kikantoni huenda ganda lao limekandwa kwa mafuta ya nguruwe. Kichina kikisema "nyama" tu bila kutaja ya mnyama gani, kwa kawaida ni ya nguruwe. Kwa hiyo usiulize "hii ina nyama?" Uliza kwa kutaja: nyama ya kusaga ya nguruwe, mafuta ya nguruwe, mchuzi wa mifupa ya nguruwe. Baada ya hapo ndipo uulize divai ya mchele, kwa sababu kuku na samaki wengi huloweshwa humo kabla ya kupikwa, hata pale ambapo nguruwe hayupo.

Mwislamu anayetaka moyo utulie asihangaike kulihoji jiko la kawaida, aende kwenye jiko la Waislamu wa China. Alama yake ni maneno mawili, 清真, yanayotamkwa qingzhen, na mara nyingi bango lake ni la kijani. Wahui na Wauyghur wana mapishi yao kamili, na si ya pembeni hata kidogo: kondoo wa mishikaki, pilau, kuku wa sahani kubwa mwenye viazi na tambi pana, na tambi za mchuzi wa ng'ombe za Lanzhou zinazovutwa kwa mkono mbele yako. Vibanda vya tambi hizo vimeenea karibu kila mji China, na vingi vinaendeshwa na Wahui kutoka mkoa wa Qinghai. Unachagua unene, nyembamba kama uzi au pana kama mkanda, na bakuli linakuja na vipande vya figili nyeupe, nyama, giligilani na mafuta mekundu ya pilipili. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kununua mzigo wanaujua mtaa wa Xiaobei, ambako majiko ya namna hii yamepakana na ya Kiarabu na Kiafrika, na si mbali na hapo uko msikiti wa Xianxian wenye kaburi linalonasibishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas.

Tambi hizo za Lanzhou ndizo zinazovunja kanuni yangu. Kwenye kibanda cha tambi kila mtu anaagiza bakuli lake. Ndivyo ilivyo Taiwan pia, ambako tambi za mchuzi wa ng'ombe ni fahari ya kisiwa. Asili ya kupendwa kwake huelezwa kwa wanajeshi na familia zao waliohamia kutoka bara mwaka 1949 na ladha za mikoa yao. Wakulima wa kisiwani zamani hawakupenda kumla ng'ombe aliyewalimia. Ukiingia kwenye kibanda cha Taipei utakuta karatasi ya oda na penseli mezani. Andika namba ya meza, weka alama kwenye unachotaka, peleka kaunta. Kwenye kaunta hiyohiyo au ndani ya friji ya kioo kuna visahani vya mwani, tofu kavu na matango. Hivyo ndivyo vya pamoja, chukua vitatu au vinne vikae katikati.

Kundi kubwa likiwa Taiwan liende kwenye rechao, migahawa ya jioni yenye viti vifupi, kelele na vitoweo vya karai vya bei nafuu. Hapo kanuni ya meza inarudi kwa nguvu. Agiza kuku wa vikombe vitatu, anayepikwa kwa mafuta ya ufuta, soya na divai ya mchele, kisha kutupiwa mrihani mwishoni. Harufu yake inafika kabla ya sahani. Asiyetaka divai hiyo atapata makimbilio kwenye migahawa ya wala mboga, ambayo Taiwan imejaa kila mtaa kwa sababu ya Wabudha. Tafuta neno 素. Jiko la Kibudha halipiki nyama yoyote, na mara nyingi hata kitunguu na kitunguu saumu halivitumii. Taipei kuna pia Msikiti Mkuu, uliokamilika 1960 barabara ya Xinsheng, na waumini wake ndio wa kuwauliza jirani pana nini.

Taiwan hiyohiyo imeupa ulimwengu migahawa ya Din Tai Fung, iliyoanza 1958 kama duka la mafuta ya kupikia na baadaye ikageukia xiaolongbao, vile vifuko vyembamba vya unga vyenye mchuzi ndani, vinavyokunjwa mikunjo 18. Mchuzi huo huingizwa ukiwa umeganda, kwa kawaida kutokana na ngozi ya nguruwe iliyochemshwa, kisha mvuke unauyeyusha. Dubai utapata vya kuku. Kuvila kuna utaratibu na watoto wafundishwe kabla sahani haijafika, la sivyo mtu ataungua ulimi. Shika kifuko kwa vijiti pale juu kwenye mikunjo, kibandue taratibu kwenye kitambaa cha kikapu, kiweke juu ya kijiko kipana. Toboa ubavuni kwa ncha ya kijiti. Mchuzi utamwagika kwenye kijiko. Usubiri, unywe, kisha weka nyuzi mbili za tangawizi zilizochovywa kwenye siki nyeusi na ukile kilichobaki kwa mara moja. Ukikiweka chote mdomoni kikiwa moto utajuta, na ukikitobolea kwenye kikapu mchuzi umekwenda.

Asubuhi ya Jumapili na jamaa wengi inafaa zaidi dim sum ya Kikantoni, inayoanza asubuhi na kwa kawaida kwisha kwenye saa nane au saa tisa mchana. Ni vikapu vidogo vya mvuke vyenye vipande vitatu au vinne, kwa hiyo agizeni kwa awamu. Vikapu sita, mle, muangalie, muongeze. Kwenye mji wa Guangzhou utaona wenyeji wanamimina chai ya kwanza kwenye bakuli kubwa na kuoshea vikombe na vijiti. Chai hiyo si ya kunywa, osha na wewe. Birika likiisha, uweke mfuniko upande na mhudumu ataongeza maji bila kuitwa. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yenyewe, na huhitaji kukatiza mazungumzo. Chai, kwa kawaida, ndicho kitu pekee mezani kinachotozwa kwa kichwa.

Kuhusu vijiti sina mengi. Usivisimike wima ndani ya wali, maana hivyo ndivyo ubani wa wafu unavyosimikwa. Kukiwa na vijiti vya kupakulia vitumie hivyo kuhamishia chakula bakulini mwako. Bibi akitaka kijiko apewe kijiko.

Kiti kinachotazama mlango ni cha mkubwa au cha mgeni wa heshima, basi mkalishe mzee hapo kabla vijana hawajajipanga. Samaki mzima naye huwekwa kichwa kikimwelekea mgeni huyo, na aanze yeye. Ukialikwa na Wachina wanaokunywa, pombe yao ya mtama ni kali sana. Kama hunywi, sema mwanzo kabisa na uinue kikombe cha chai kila wanapotakiana heri. Anayekubali glasi ya kwanza kwa aibu atashindwa kukataa ya tano.

Samaki akichaguliwa akiwa hai kwenye tangi, uliza bei kabla hajatolewa majini, na uliza ni kwa kipimo gani. Bei huandikwa kwa jin. Bara jin ni gramu 500, Taiwan ni gramu 600. Familia nyingi zimezozana na mhudumu kwa kudhani ile ni bei ya samaki mzima.

Muda nao una hila yake. Wachina hula mapema. Chakula cha jioni huanza saa 11 na nusu, na majiko mengi ya kawaida yanazimwa kwenye saa 3 usiku. Kundi la Kiswahili linaloahidiana saa 1 na kutimia saa 2 na nusu litakuta viti vinapandishwa juu ya meza. Chumba cha faragha kwa ajili ya familia kubwa ni kizuri, ila uliza kiwango cha chini cha matumizi unapoweka oda.

Kisha bili. Kwa desturi ya Kichina aliyealika ndiye hulipa, na wenzake humgombania kwa sauti hadi kushikana mikono. Mwenyeji mjanja huaga anakwenda msalani na kumbe anapitia kaunta. Ukialikwa, jitahidi kugombania mara moja au mbili kwa adabu, kisha acha, na zamu yako ije siku nyingine. Marafiki wakichanga, wakubaliane kabla ya kuagiza, na mchango ugawanywe sawa. Mkila kwa meza hamwezi kulipa kwa sahani. Wanywao bia tu ndio waongeze cha bia yao. China bara na Taiwan hakuna bakshishi, ingawa migahawa mikubwa ya Taiwan huongeza asilimia 10 ya huduma. Marekani bakshishi ni lazima kwa desturi, na kundi kubwa mara nyingi huikuta imeshaandikwa kwenye bili, kwa hiyo isomeni msije mkalipa mara mbili.

Kinachobaki kifungwe. Sema "dabao" na utaletewa vikasha bila mtu kukuangalia vibaya. China ilipitisha sheria ya kuzuia upotevu wa chakula Aprili 2021, na migahawa inaruhusiwa kumtoza anayeacha chakula kingi kupita kiasi. Ila chagua cha kufunga. Nyama ya mchuzi, maharage ya kijani na tofu ya pilipili vinalala vizuri, na kesho yake asubuhi vinaliwa hata na chapati. Samaki wa mvuke, mboga za majani na chochote kilichokaangwa kwenye mafuta mengi vimalizwe palepale. Ukibaki wali mweupe uchukue wote: wa jana, uliokauka kidogo, ndio unaofaa kukaangwa.